Kipindi cha muziki: anza na wimbo wanaoujua

Katika shule nyingi za vijijini, muziki upo kwenye ratiba lakini haupo darasani. Mitihani ikikaribia, kipindi chake kinageuzwa kuwa cha hisabati. Kikifundishwa, mara nyingi mwalimu anachora mistari mitano ubaoni, anaandika majina ya nota, wanafunzi wananakili, kengele inalia. Hakuna aliyeimba. Kisha watoto walewale wanatoka nje, wanageuza ndoo kuwa ngoma na kupiga mdundo wa singeli bila kukosea.

Tatizo ni mpangilio. Mtoto huongea miaka kadhaa kabla ya kufundishwa a, e, i, o, u. Muziki nao huanza sikioni na mikononi. Maandishi yanafuata, mwanafunzi akiwa tayari na kitu cha kuandika.

Wapo wanaoona kuwa nyimbo za nyumbani hazistahili kuingia darasani. Hao wausikilize wimbo wa taifa wa Kenya: mahadhi yake yalitokana na wimbo wa kubembeleza watoto wa Wapokomo, watu wa Mto Tana. Mahadhi ya Mungu Ibariki Afrika, wimbo wa taifa wa Tanzania, yalitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg. Mmoja ulitoka mgongoni kwa mama, mwingine kwa mwalimu wa kawaida wa shule.

Kwa hiyo mwalimu aanze kwa kuwauliza wanafunzi: wiki hii mnaimba nini? Watataja bongo fleva, singeli, kwaya, kaswida, pengine na ngoma ya harusi ya Jumamosi iliyopita. Achague wimbo mmoja, ausikilize kwanza peke yake kwa ajili ya maneno yake. Kama maneno hayafai kwa watoto, abakize mdundo na kuwaachia wanafunzi watunge maneno yao, kuhusu mvua iliyochelewa au timu ya kijiji. Kutunga huko kutamfundisha mtoto vina na mizani kuliko maelezo ya ubaoni.

Kisha watafute pigo. Darasa zima lipige makofi kwa sekunde 15 za saa ya simu, wahesabu makofi, wazidishe kwa 4. Wamepata kasi ya wimbo kwa dakika. Singeli, muziki uliozaliwa mitaa ya uswahilini Dar es Salaam, mara nyingi hupita mapigo 200. Wapime na wimbo wa kubembeleza mtoto, waone tofauti. Mwalimu wa hisabati hatakuwa na la kulalamikia siku hiyo.

Zoezi jingine halihitaji chombo chochote. Darasa lihesabu kwa sauti moja hadi sita, na kurudia bila kusimama. Kundi la kwanza lipige makofi kwenye 1, 3 na 5. Kundi la pili lipige kwenye 1 na 4 tu. Mwanzoni watavurugana na kucheka. Baada ya dakika chache utasikia kitu unachokijua: makofi matatu juu ya mawili, mchanganyiko uliomo ndani ya ngoma nyingi za Kiafrika. Vijana waliozoea ngoma za kwao watalipata haraka, na pengine mwalimu ndiye atakayechelewa. Si aibu.

Vyombo vinaweza kutengenezwa: kopo lenye mawe madogo, debe, kipande cha bomba. Chupa za soda za kioo zinafaa zaidi, kwa sababu zina fumbo ndani yake. Weka chupa tano zenye maji ya viwango tofauti. Ukizigonga kwa kijiti, yenye maji mengi hutoa sauti nzito. Ukipuliza mdomoni mwa chupa hizohizo, yenye maji mengi hutoa sauti nyembamba. Waache wanafunzi wabishane kwanza kabla ya kuwaeleza: ukigonga, kinachotetemeka ni kioo pamoja na maji, na maji yakiongezeka uzito unaongezeka. Ukipuliza, kinachotetemeka ni hewa iliyobaki juu ya maji, na nafasi yake ikipungua sauti inapanda.

Hapo sasa ndipo do, re, mi inapoingia, maana watoto wanataka kujua chupa ipi ni ipi. Walioimba kwaya kanisani huenda wanaijua tayari, nao wawaongoze wenzao. Ila mwalimu asilifanye somo kuwa la kwaya tu. Darasani wamo wanaojifunza dufu na kaswida madrasa, na wamo ambao wazazi wao hawapendi vyombo vya muziki kabisa. Azungumze na wazazi hao mapema. Kuimba na makofi vinaweza kutosha.

Wavulana wa miaka 12 hadi 15 wanahitaji uangalizi. Sauti inapovunjika, aliyekuwa anaimba vizuri mwaka jana ghafla anakwaruza, anachekwa, ananyamaza moja kwa moja. Mpe ngoma, au sauti ya chini, mpaka koo litulie. Na wasichana wasiambiwe ngoma si yao: kwa Wagogo wa Dodoma, ngoma za muheme hupigwa na wanawake.

Wagogo hao ndio waliomtoa Hukwe Zawose, mpigaji wa ilimba na zeze aliyefariki mwaka 2003. Alikaa miaka mingi katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na muziki wake ulirekodiwa hadi Uingereza. Watu wenye ujuzi wa namna hiyo bado wapo vijijini, wengi wao wazee, na shule iko hatua chache tu kutoka kwao. Mwalimu na mwenyekiti wa kijiji wakamwombe mzee au bibi aje kufundisha wimbo mmoja. Wasimwite bure, sukari na sabuni ni heshima ndogo kama shule haina fedha. Wamuulize pia nyimbo zipi haziruhusiwi kutoka nje. Za jando na unyago zina mahali pake, na darasa si mahali pake.

Akikubali kurekodiwa kwa simu, hifadhini wimbo huo kwenye simu mbili tofauti, maana simu hupotea. Mwanafunzi mmoja aandike daftarini jina la wimbo, aliyeuimba, aliyemfundisha yeye, kijiji na tarehe.