Watoto Si Magunia

Hapana asiyejua jinsi watoto wetu wanavyofika skuli. Wako wanaokwenda kwa miguu, wako wanaopakiwa kwenye keria ya baiskeli, na wako wanaobanwa watatu kwa pamoja nyuma ya pikipiki. Sasa kipo chombo kingine cha kufikiriwa, nacho ni baiskeli ya mizigo inayosaidiwa na umeme. Haitumii petroli, haina kelele, na humwezesha mzazi kupakia watoto wawili bila ya kuishiwa pumzi mlimani. Sisi twaiunga mkono. Lakini ubora wa chombo haupimwi kwa rangi yake. Hupimwa kwa njia kitakayopita na roho kitakazobeba.

Baiskeli hizi zilishamiri kwanza Uholanzi na Denmark, nchi tambarare zenye njia maalumu za baiskeli. Njia zetu za ndani ni nyengine kabisa. Kusini na mashariki ya Unguja kuna mawe ya matumbawe yaliyochongoka. Pemba kuna vilima vinavyofuatana na udongo unaoteleza wakati wa masika. Basi kinachosifiwa huko si lazima kifae hapa.

Tuanze na umbo. Yako matatu. La kwanza lina magurudumu matatu na sanduku mbele. Husimama imara likiwa limetulia, lakini kwenye njia iliyoinama au kona ya ghafla huweza kupinduka. Na kwa kuwa magurudumu yake yanapita mistari mitatu, ni shida kukwepa shimo. La pili lina magurudumu mawili na sanduku refu katikati. Watoto hukaa chini, mbele ya macho ya mzazi, ila tumbo la sanduku hugonga mawe. La tatu ni baiskeli iliyorefushwa nyuma, yenye viti juu ya keria ndefu. Hii hupita mstari mmoja kama baiskeli ya kawaida, na kwa njia zetu nyingi ndiyo tunayoipendekeza. Sharti iwe na vyuma vya kushikia, mikanda, mahali pa kukanyagia na ngao ya kuzuia miguu ya watoto isiingie kwenye spoku. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipakiwe, kwani shingo yake haijaweza kuhimili mitikisiko wala uzito wa kofia ya kinga.

Pili, mwenye kununua apige hesabu ya uzito. Mzazi wa kilo 65, watoto wawili wa kilo 20 kila mmoja, mikoba yao ya kilo 5, na baiskeli yenyewe ya kilo 40: jumla ni kilo 150. Fremu, rimu na spoku zote ziwe zimetengenezwa kwa kuhimili zaidi ya hapo. Tairi ziwe pana, za inchi mbili au zaidi, kwani tairi pana yenye upepo wa kiasi hupunguza mtikisiko. Saizi yake iwe ile inayopatikana madukani, ili tairi moja ikipasuka chombo kisilale ndani miezi mitatu.

Tatu ni mota na breki. Mota iliyomo ndani ya kitovu cha gurudumu ni nyepesi kuitengeneza, lakini hupata moto mkali ikipanda taratibu mlima mrefu na mzigo mzito. Mota iliyopo kwenye pedeli husaidiwa na gia, kwa hiyo hupanda vizuri zaidi, ingawa hula mnyororo upesi. Wa Pemba aitazame zaidi hii ya pili. Na wahenga walisema, kupanda mchongoma kushuka ndiyo ngoma: breki ziwe za diski, mbele na nyuma, tena zenye nguvu ya kusimamisha mzigo wote katika mteremko uliolowa mvua.

Nne ni betri. Betri ya volti 36 na ampea-saa 14 hubeba takriban wati-saa 500. Kwa mzigo na njia mbovu, kilomita moja huweza kula wati-saa 20. Hivyo hesabu ni kilomita 25, si zile 80 zinazotangazwa. Tusisahau pia kwamba Unguja ilikaa bila ya umeme kiasi cha mwezi mmoja mwaka 2008, na miezi mitatu hivi tangu Disemba 2009. Basi baiskeli iwe inaweza kuendeshwa kwa miguu betri ikiisha. Betri isiyo na kiwango ni hatari: katika jiji la New York, mioto ya betri za lithiamu iliua watu 18 katika mwaka 2023 pekee. Isichajiwe usiku watu wakiwa wamelala, wala isizibe mlango wa kutokea.

Maafisa wetu nao wana sehemu yao. Uholanzi kwenyewe, mabingwa wa baiskeli, mamlaka ya usalama wa bidhaa iliamuru mwezi Februari 2024 baiskeli za mizigo za kampuni ya Babboe zisiuzwe, kwa sababu ya fremu zilizokuwa zikikatika. Ikiwa huko yametokea, hapa hatuna budi kukagua bandarini kabla ya mtoto kupanda. Sheria nayo ieleze wazi mpaka baina ya baiskeli na pikipiki. Ulaya mpaka huo ni mota ya wati 250 na msaada unaokoma kwenye mwendo wa kilomita 25 kwa saa. Mafundi baiskeli wa mitaani wafunzwe mota na betri. Na njia za kwendea skuli zifukiwe mashimo, kwani hakuna fremu inayoshinda shimo la kila siku.

Kwa mzazi tuna neno moja. Kabla ya kutoa fedha, pakia magunia ya mchanga yenye uzito wa watoto wako, kisha uiendeshe katika njia ile ile ya skuli, kupanda na kushuka. Ikiyumba, irejeshe dukani. Gunia likianguka hupakiwa tena. Mtoto si gunia.