MCHORAJI ANAYEANZA ANA NAFASI KATIKA PROGRAMU HURIA



Katika tawi letu orodha ya wanachama na michango yao tunaiweka kwa kompyuta, katika LibreOffice, programu ambayo hatukuinunua. Siku moja kijana wa mwanachama wetu, aliyejifunza kuchora alama na matangazo, aliniuliza: "Mzee, mimi sijui kuandika programu. Je, nina nafasi gani humo?" Swali hili linastahili jibu, maana watoto wetu wengi wana mikono mizuri na hawana kazi.

Programu huria ni ile ambayo kila mtu anaruhusiwa kuitumia, kuisoma, kuirekebisha na kuwagawia wengine. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Finland. Lakini alama yake, yule ndege pengwini, ilichorwa mwaka 1996 na Larry Ewing kwa GIMP, ambayo nayo ni programu huria. Mchoro huo unajulikana mpaka leo.

Basi anayeanza afanye nini?

Kwanza, achague programu anayoitumia yeye au jirani zake.

Pili, akae na mtumiaji, amtazame akifanya kazi bila kumsaidia, na aandike anayoyaona. Karani akihangaika kutafuta kitufe, kosa si la karani, ni la aliyekiweka kitufe mahali pale.

Tatu, asome orodha ya kasoro ambayo jumuiya huiweka wazi. Mara nyingi kazi zinazowafaa wanaoanza huwekewa alama.

Nne, mgeni habomoi nyumba siku ya kwanza. Aulize, wakubaliane, ndipo achore kitu kidogo: alama moja, tangazo moja au picha ya maelezo.

Tano, atoe na faili lenyewe la mchoro, kwa mfano lililochorwa kwa Inkscape, ili wenzake waweze kulirekebisha. Mchoro ukikataliwa aulize sababu, asinune.

Kazi hii si mchezo. OpenMRS, programu huria ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa, ilianza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, na mwaka huohuo ikafika Rwanda. Katika zahanati, ukurasa usiosomeka vizuri unaweza kumfanya mhudumu aandike dawa isiyo yake.

Sasa neno la chama. Wako watakaosema kwamba hii ni kazi ya bure, na sisi kazi ya bure tunaipinga. Tuangalie masharti. Leseni ya GPL, iliyotolewa mwaka 1989, inamtaka anayeibadili programu na kuigawa awape wengine haki zilezile alizopewa yeye. Jasho lako linabaki mali ya wote, na jina lako linaweza kuandikwa pamoja na kazi yako. Tajiri anayekuambia, "Nichoree kwanza, nikipenda nitakulipa," hana sharti kama hilo. Huyo mkatae. Na hata katika programu huria, usitoe muda unaohitaji kutafutia chakula.

Kijana yule alikaa na karani wetu alasiri nzima, akaandika mambo matatu yaliyomtatiza. Huo ndio mwanzo. Ikiwa nyumbani kwako yuko mchoraji, msomee ukurasa huu.