Programu Usizozihitaji Katika Kompyuta: Zinavyoingia na Namna ya Kuziondoa

Mtumiaji anapofungua kivinjari na kukuta ukurasa wa kutafutia ambao hakuuchagua, au matangazo yanayochomoza katika kila tovuti, aghalabu hudhani kuwa kompyuta yake imeingiwa na virusi. Huenda sivyo. Lipo kundi jingine la programu ambazo wataalamu huziita programu zisizotakiwa. Virusi huingia kwa kificho, ilhali programu hizi huingia kwa idhini ya mwenye kompyuta, ingawa idhini hiyo aliitoa bila kujua. Kwa hiyo kinga yake ya kwanza ni kusoma kabla ya kubonyeza.

Zinavyoingia

Njia iliyozoeleka ni ya programu za bure. Mwanafunzi wa Kikuyu, jijini Dodoma, anahitaji programu ya kusomea nyaraka za PDF. Badala ya kwenda kwenye tovuti ya mtengenezaji, anaipakua katika tovuti ya kwanza anayokutana nayo. Wakati wa kuisakinisha hutokea kurasa kadhaa, na katika mojawapo kuna kisanduku ambacho tayari kimewekwa alama ya tiki, kikieleza kwa maandishi madogo kuwa programu nyingine nayo itasakinishwa. Kwa kuwa ana haraka, anabonyeza “Next” hadi mwisho. Alihitaji programu moja, naye amepokea tatu.

Jambo hili halitokei katika tovuti zisizojulikana peke yake. Kwa miaka kadhaa, hadi mwaka 2015, kisakinishi cha Java kwa ajili ya Windows kiliambatanishwa na upau wa kutafutia wa Ask, na tiki yake ilikwishawekwa. Hata kompyuta mpya yaweza kuja na mzigo wa namna hiyo: baadhi ya kompyuta za Lenovo zilizouzwa mwaka 2014 na mwanzoni mwa 2015 zilikuwa na programu ya Superfish, iliyopachika matangazo katika tovuti na kudhoofisha usalama wa mawasiliano ya mtumiaji.

Madhara yake

Hasara ya kwanza ni fedha. Matangazo yanayopakuliwa bila kukoma humaliza bando la intaneti kabla ya wakati. Pili, kompyuta hupungua kasi, kwa kuwa programu nyingi huanza kufanya kazi mara tu inapowashwa. Tatu, baadhi yake hukusanya kumbukumbu za tovuti unazotembelea na mambo unayotafuta. Nne, zipo zinazojiita programu za kusafisha kompyuta: hudai kuwa zimegundua makosa mamia kadhaa, kisha hutaka malipo ili ziyarekebishe. Usilipe, na usiingize namba ya kadi yako ya benki.

Hatua za kuziondoa

1. Hifadhi nakala ya kazi zako muhimu kwenye flashi au diski ya nje.

2. Fungua “Settings”, kisha “Apps”, halafu “Installed apps”. Katika Windows 10 sehemu hiyo huitwa “Apps & features”. Panga orodha kwa tarehe ya kusakinishwa, kisha chunguza programu zilizoingia siku tatizo lilipoanza. Usiyoihitaji iondoe kwa kubonyeza “Uninstall”. Hata hivyo, usiondoe kitu kwa sababu tu jina lake ni geni kwako. Majina kama Microsoft Visual C++, Intel au Realtek kwa kawaida ni ya vifaa na programu halali zinazoiwezesha kompyuta kufanya kazi.

3. Soma kila swali wakati wa kuondoa. Baadhi ya programu huuliza kwa maneno ya kutatiza, ili jibu la “ndiyo” liwe na maana ya kuibakiza.

4. Nenda kwenye kivinjari. Ondoa viongezi usivyovitambua katika sehemu ya “Extensions”, rejesha ukurasa wa kutafutia unaoutaka, na ufute ruhusa za tovuti zinazokutumia taarifa za matangazo.

5. Fungua “Windows Security”, ingia “App & browser control”, kisha washa ulinzi unaoitwa “Reputation-based protection”. Hakikisha kuwa kipengele cha kuzuia programu zisizotakiwa nacho kimewashwa. Baada ya hapo, endesha ukaguzi kamili wa kompyuta.

6. Zima kompyuta na uiwashe tena. Tatizo likirudi, ipeleke kwa fundi unayemwamini. Toka kwanza katika akaunti zako zote, na ubadilishe nywila zako kwa kutumia kifaa kingine kilicho salama.

Kuzuia zisirudi

Pakua programu kutoka kwa mtengenezaji wake au katika duka la Microsoft. Unaposakinisha, chagua “Custom” au “Advanced” badala ya njia ya haraka, kisha ondoa kila tiki usiyoiweka mwenyewe. Ukinunua kompyuta iliyotumika, au ukiwekewa programu steshenari, omba orodha ya vilivyowekwa pamoja na risiti. Kumbuka pia kuwa Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya masasisho ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Anayeendelea kuitumia anapaswa kuhamia toleo jipya, au kujiunga na mpango wa masasisho ya nyongeza.

Haki zako

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inasimamia ukusanyaji na matumizi ya taarifa zako. Ukiamini kuwa zimekusanywa kinyume cha sheria, unaweza kuwasilisha malalamiko katika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ikiwa umetapeliwa fedha, toa taarifa polisi bila kuchelewa, kwani Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahusu pia ulaghai unaofanywa kwa kompyuta. Katika hali zote mbili tunza ushahidi: picha ya kilichoonekana kwenye skrini, jina la programu, tarehe, na ujumbe wa muamala. Piga picha hizo kabla ya kuiondoa programu, kwa maana ikishaondolewa, huenda usiwe na cha kuonyesha.