Msiandikiane Miezi Bila Kuonana

Kijana wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka na binti anayefanya kazi City Centre, Lilongwe, wametenganishwa na kilomita 45 hivi. Lakini nauli ya minibasi ni pesa, na tangu Mei 2023, serikali ya Malawi ilipoanza kuwarudisha wakimbizi kambini kwa nguvu, kutoka kumezidi kuwa kugumu. Mapenzi yaliyoanzia kwenye programu ya kutafuta wachumba hubaki simuni, na kukaa huko muda mrefu kuna hatari yake.

Mwaka 1996 mtaalamu wa mawasiliano, Joseph Walther, alieleza kwa nini: anayeandika huchagua la kuonyesha, na anayesoma hujaza yaliyobaki kwa matamanio yake. Kicheko hukisikii, hasira huioni, wala hujui anavyozungumza na mama muuza mboga. Unampenda mtu uliyemuumba mwenyewe. Utafiti wa Artemio Ramirez na wenzake wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa waliochelewa kuonana uso kwa uso walielekea kuvunjika moyo zaidi ya waliowahi.

Wala usiitegemee programu ikuchagulie. Mwaka 2017 Samantha Joel na wenzake waliipa kompyuta majibu ya maswali zaidi ya 100 ambayo watu walijibu kabla ya kukutana. Ikashindwa kubashiri nani atavutiwa na nani hasa.

Basi pigianeni simu mapema, ya video bando likiruhusu. Mkionana, iwe mchana, penye watu, na ndugu yako ajue ulipo. Anayekwepa kamera kila wiki huku akiomba umtumie pesa kwa Airtel Money au Mpamba, achana naye. Na yeyote anayedai malipo ili akupeleke Kanada au Marekani ni tapeli: huduma za UNHCR, kuhamishiwa nchi ya tatu kukiwamo, ni bure.

Kabla ya kulala pamoja, pimeni VVU wote wawili. Kipimo cha kujipima kwa mate, ambacho watafiti walikijaribu mapema huko Blantyre, kinaweza kutumika faraghani. Majibu yakiwa hasi, tumieni kondomu na mrudie baada ya miezi 3, kwani maambukizi mapya huweza kujificha. Yakiwa chanya, yathibitishwe kituo cha afya. Malawi imekuwa ikitoa dawa za ARV bure tangu 2004, na anayezimeza vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana.