Bunduki Gulioni, Chini ya Amri ya Nani?

Ipo rai irudiayo kila majambazi wanapozuka katika nyanda za juu za Kigoma: kwamba wananchi wa vijiji vya mpakani waruhusiwe kwa wingi kumiliki bunduki na kwenda nazo gulioni, stendi na hata kanisani, ili mwovu atokeapo amkute kila mtu yu tayari. Rai hiyo husemwa na watu wema, nasi hatuoni haki kuibeza. Watu wa Buhigwe, Kasulu na Kibondo wanajua wanenalo. Tangu kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi, Oktoba 1993, vita vya jirani vilisukuma watu kwa maelfu kuvuka mpaka, na nyuma ya wakimbizi wasio na hatia zikapenya bunduki. Ilikuwapo miaka ambayo mabasi ya njia ya Kasulu, Kibondo na Nyakanazi yalisindikizwa na askari. Aliyesafiri katika mabasi hayo hawezi kuambiwa kuwa hofu yake ni ya kitoto.

Wenye rai hiyo wana ushahidi mmoja mzito, wala hatutauficha. Tarehe 21 Septemba 2013 magaidi wanne waliingia katika jengo la maduka la Westgate, Nairobi, wakaua watu 67. Kabla majeshi hayajafika, raia wachache wenye leseni za bastola, pamoja na askari waliovaa kiraia, waliingia ndani wakawatoa mamia ya watu. Huo ulikuwa ushujaa usio na shaka. Lakini hadithi haikuishia hapo. Baadaye waliingia polisi wa kikosi maalumu, kisha wanajeshi, wala hapakuwa na amri moja juu yao wote. Iliripotiwa kwamba risasi za wanajeshi zilimwua kiongozi wa kikosi cha polisi. Ikiwa watu waliofundishwa vita wameshindwa kutambuana ndani ya jengo moja, itakuwaje katika gulio la Manyovu au Munanila, penye mikungu ya ndizi, magunia ya maharage, madumu ya mawese, akina mama na watoto migongoni? Risasi ya kwanza ikilia, mitutu ishirini itachomolewa, na kila mwenye bunduki atamwona mwenzake kuwa ndiye jambazi.

Tena bunduki si ngao. Tarehe 25 Agosti 2021, mchana kweupe jijini Dar es Salaam, mtu mmoja mwenye bastola aliwapiga risasi askari, akatwaa bunduki zao, akaenda nazo hadi karibu na ubalozi wa Ufaransa. Polisi watatu na mlinzi mmoja walikufa kabla yeye mwenyewe hajauawa. Iliripotiwa kuwa bastola yake aliimiliki kihalali. Mwezi Julai 2015, kituo cha polisi cha Stakishari kilivamiwa, watu saba wakauawa, na wavamizi wakaondoka na silaha. Bunduki humwita mwizi. Mwenye bunduki chini ya godoro huko Janda au Muyama ameongeza mali moja nyumbani mwake, nayo ndiyo mali ambayo jambazi huitamani kuliko zote.

Liko jambo jingine ambalo wenye rai hawalitaji, nalo kwetu sisi wa Chama ndilo kubwa. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haikumkataza mwananchi kumiliki bunduki. Imemtaka awe na leseni. Hata mlango ukifunguliwa wazi zaidi, ni nani atakayeingia? Bunduki hainunuliwi kwa bei ya gunia la maharage. Atakayeivaa kiunoni ni mnunuzi, tajiri wa lori, mwenye mizani. Na mkulima ambaye leo anathubutu kuikataa lumbesa kwa sauti kubwa mbele ya umma, kesho atabishana vipi na mtu mwenye bastola? Watasema soko limetulia. Naam, litatulia, kwa kuwa mnyonge amenyamaza.

Jirani zetu walikwisha kulijaribu jambo hili. Wakati wa vita, serikali ya Burundi iligawa bunduki kwa raia na kuunda vikosi vya vijana vilivyoitwa Walinzi wa Amani. Vita vilipokwisha, kazi ya kuzikusanya silaha zile ilikuwa ndefu na ngumu kuliko ile ya kuzigawa.

Msomaji atatuuliza: je, si TANU yenyewe iliyosema, katika Mwongozo wa 1971, kwamba wananchi wafundishwe mgambo? Ndiyo, ilisema, na mgambo wakaonekana kwa maelfu katika vita vya Kagera. Lakini bunduki ya mgambo haikuwa ya Fulani bin Fulani. Ilitolewa ghalani kwa amri na kurudishwa ghalani kwa amri. Chama kilikuwa kimeyaona ya Januari 1964, askari wenye bunduki walipoikataa amri, na kilijua tofauti ya umma wenye silaha na mtu mmoja mmoja mwenye silaha yake. Sungusungu nao, walioanza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa pinde na mishale, nguvu yao ilikuwa mwito mmoja na kijiji kizima kutoka. Na palipolegea nidhamu, wao pia waliwapiga na hata kuwaua waliodhaniwa tu kuwa wezi au wachawi. Kama mshale umekosea hivyo, sembuse risasi?

Basi wanaodai ulinzi wadai ulinzi hasa. Mabalozi wa mashina waandike zamu za sungusungu na kuzisimamia. Walinzi wapewe tochi, filimbi, makoti ya mvua na simu yenye salio. Gari la polisi lisikose mafuta siku ya gulio. Ushuru hukusanywa kila siku ya soko, na wanachama wa Buhigwe wana haki ya kuuliza, katika mkutano mkuu wa kijiji na kwa madiwani wao, ni shilingi ngapi za ushuru huo zinazotumika kulinda gulio lenyewe.