Kupaa, kupalizwa, kunyakuliwa: si kitu kimoja

Bibi yangu ni Mkatoliki, mama ni mlokole. Wote wanaamini mtu anaweza kuingia mbinguni na mwili wake, lakini wakibishana mimi huwa napotea. Kumbe tofauti imo kwenye vitenzi.

Yesu alipaa: alipanda kwa uwezo wake. Maria alipalizwa: Mungu ndiye aliyempandisha. Sikukuu yake ni 15 Agosti, na Papa Pius XII aliitangaza imani hiyo kuwa fundisho rasmi mwaka 1950. Hakusema kama Maria alikufa kwanza. Waorthodoksi wanasema alikufa, ndiyo maana wao siku hiyo wanaiita Kulala kwake.

Mama anauliza: imeandikwa wapi? Yeye kwenye Biblia anawaona Henoko na Eliya tu. Anachongoja ni kunyakuliwa, ile ya 1 Wathesalonike 4:17, waumini walio hai wachukuliwe mawinguni. Kwamba itatokea ghafla, kabla ya dhiki kuu, ni mafundisho yaliyoenezwa na John Nelson Darby katika karne ya 19.

Kama umelelewa na unyakuo, hofu yake unaijua: umetoka shule, nyumba kimya, mama hapokei simu. Je, nimeachwa?

Ila Paulo aliwaandikia watu waliofiwa, ili wafarijike. Mama mdogo alipofariki, mama alimsomea bibi mstari huohuo kwenye simu. Bibi akaitikia, "Amina." Siku hiyo hawakubishana.