Kaskazi ya Wazee wa Ghorofani

Wahenga wetu walisema kuwa kuishi kwingi ni kuona mengi. Aghalabu sisi tulio katika nguvu zetu huwaendea wazee ili watusimulie hayo mengi waliyoyaona, tukasahau kutazama namna wanavyoishi hivi sasa. Leo tunapenda kumchukua ndugu msomaji tumpandishe ngazi mpaka ghorofa ya juu ya mojawapo ya majumba ya Michenzani, mwezi wa Februari, saa nane mchana, akajionee jinsi kaskazi inavyomkalia mtu aliyekwisha kuitumikia nchi yake.

Wenyeji wetu ni mume na mke. Mume alisomesha katika skuli za Serikali kwa zaidi ya miaka 30, na mtaa mzima bado wamwita Mwalimu, hata mkewe. Mke alikuwa mkunga, na wengi wanaompita leo ngazini bila ya kumwamkia walitua duniani mikononi mwake. Majina yao hatutayataja, kwani wenyewe hawakupenda, na kwa kuwa hali yao ni hali ya wazee wengi.

Siku yao huanza na maji. Usiku wa manane, wakati jirani wa chini wamelala na mifereji yao imefungwa, ndipo maji hupata nguvu ya kupanda juu. Bibi hulala sikio moja likiwa macho. Akisikia mfereji unakoroma huinuka akajaza pipa, kisha ndoo, kisha mtungi wa kunywa. Adhana ya alfajiri humkuta amekwisha kazi. Siku ambayo mfereji haukukoroma, hesabu ya siku hiyo hubadilika: maji ya kunywa na ya kutawadhia yatangulie, kufua kutangoja.

Asubuhi ndiyo neema yao. Madirisha ya pande zote mbili huwa wazi, na upepo wa kaskazi hupita ukumbini. Mwalimu hushuka polepole kwenda sokoni, naye hushuka mara moja tu kwa siku, kwa sababu kila kushuka kuna kupanda. Hurejea na samaki wawili watatu, ndimu na tungule. Bibi hupika chukuchuku mapema, jiko likazimwa kabla ya saa nne, ili moto wa jiko usije ukaungana na moto wa jua.

Baada ya adhuhuri mambo hugeuka. Katika miezi ya kaskazi joto la Unguja mchana hufika nyuzi 32 au 33, na kwa unyevu wa bahari jasho halikauki mwilini. Wazee wetu wa zamani walijenga kwa kuta nene za mawe na chokaa, au kwa udongo na paa la makuti, na mbele wakaweka baraza ya kupungia upepo. Majumba ya Michenzani, yaliyoanza kujengwa enzi za Mzee Abeid Amani Karume, yaliwatoa wananchi wengi katika vibanda na kuwapa makazi ya heshima, na hilo halina ubishi. Lakini zege hulinywa jua kutwa nzima, na hulitapika usiku. Anayelala chini ya paa la zege hulijua joto la mchana hata baada ya isha. Wenyeji wetu hukihama chumba cha kulala wakatandika mkeka ukumbini, pangaboi likizunguka juu yao. Umeme ukikatika, Bibi huchukua kipepeo cha ukindu, akampepea mumewe kisha akajipepea mwenyewe.

Kuna kisa kilichotufanya tuandike makala haya. Siku moja Mwalimu alitoka kufuata fedha zake za kustaafu katika ofisi moja. Alisimama foleni tangu asubuhi hadi jua la utosi, pasipo kiti wala kivuli cha kutosha. Aliporejea na kuzimaliza ngazi, alikaa kitini akaanza kumwuliza mkewe wanafunzi wa darasa la tano wako wapi. Mwingine angalidhani ni mzaha au ni uzee. Bibi aliushika mwili wake akauona unawaka, naye hakungoja. Alimvua shati, akaichovya kanga katika pipa la maji akamfunika nayo, akampepea, akamwita kijana wa jirani amsaidie kumshusha. Walipofika hospitali, Mwalimu alikuwa amekwisha kupata fahamu zake. Yale maji aliyoyateka Bibi usiku wa manane ndiyo yaliyomwokoa mumewe.

Yafaa kila mwananchi aelewe jambo hili. Mtu akizeeka, kiu yake hupungua: mwili unataka maji, na ulimi hausemi. Jasho lake nalo hupungua, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu humtoa maji zaidi. Basi mzee asingojee kiu ndipo anywe. Bibi amejiwekea kanuni yake: kila adhana mumewe hunywa bilauri moja ya maji mbele ya macho yake. Akilalamika kuwa hana kiu, humjibu, “Mwalimu, mimi sikukuuliza kiu.” Na mzee akionekana anachanganya maneno siku ya joto, mwili ukiwa moto, hiyo ni hatari, apozwe kwa maji mara moja na apelekwe hospitali.

Tusidhani kuwa mambo haya ni ya nchi masikini peke yake. Mwezi wa Agosti 2003 joto kali liliiingia Ufaransa, nchi yenye hospitali na utajiri, na watu wapatao 15,000 walikufa kwa sababu yake. Wengi wao walikuwa wazee, na wengi walikuwa wakiishi peke yao. Joto lilipata msaidizi, na msaidizi wake alikuwa upweke.

Sisi visiwani tunayo dawa ya upweke, ila tuangalie isituponyoke. Ndugu msomaji anakumbuka kaskazi ya Disemba 2009 hadi Machi 2010, pale Unguja ilipokaa gizani karibu miezi mitatu baada ya kuharibika njia ya umeme iliyotegemea waya wa chini ya bahari wa mwaka 1980. Pampu zilisimama, na maji yakawa ya kufuatwa mbali. Wakati huo Mwalimu alikuwa bado na nguvu zake. Alipandisha madumu yake mwenyewe, na la mjane wa jirani pia. Waya mpya, wenye uwezo wa megawati 100, ulikamilika mwaka 2013, nasi tukashukuru. Lakini dumu la lita 20 lina uzito wa kilo 20 leo kama lilivyokuwa siku zile, na aliyelibeba siku zile leo ana miaka 74. Wanawe wako Dar es Salaam na Maskati. Wanapiga simu kila Ijumaa na wanaleta fedha, Mungu awabariki. Lakini simu haibebi dumu.

Serikali ya Mapinduzi ilionyesha njia mwaka 2016 ilipoanzisha Pencheni Jamii kwa wazee waliotimiza miaka 70. Nia hiyo njema inastahiki kukamilishwa kwa mambo madogo yasiyohitaji fedha nyingi. Kwanza, popote mzee anapofuata haki yake, ahudumiwe mapema, akiwa amekaa, kivulini, na maji ya kunywa yawepo. Pili, wanaohusika na maji wapange saa maalumu za kuyafikisha ghorofa za juu, na saa hizo zitangazwe, ili mkunga mstaafu alale usingizi wake. Tatu, kila sheha awe na orodha ya wazee wa shehia yake wanaoishi bila ya kijana nyumbani, na vijana wetu wapangiane zamu ya kuwabishia hodi katika miezi ya kaskazi.

Hata hivyo, isiwe tunaingoja Serikali katika kila jambo. Sote tuliokaa chuoni mbele ya mwalimu wa Kurani tulifundishwa haki ya wazazi wanapofikia uzee mikononi mwetu, na haki ya jirani. Tulipoagana na wenyeji wetu, upepo wa jioni ulikuwa umeanza kuingia, na Bibi alikuwa akilichungulia pipa. Lilikuwa limebaki robo. Kijana tuliyepishana naye ngazini, akipanda mikono mitupu, tulimwuliza anakaa ghorofa ya ngapi. Alijibu, “Ya juu.”

Ndugu kijana, kesho usipande mikono mitupu.